Mti wa maua usiozidi mita 5 kwa uwanja mdogo, Mbeya: nishaurini kabla mvua hazijaanza

Mstaafu wa Iyunga
4 Oktoba

Habari za jioni wakuu.

Nipo Iyunga hapa Mbeya. Ni mstaafu wa reli. Kwa miaka 31 kazi yangu ilikuwa kukagua mabehewa: unapita na nyundo ya mpini mrefu, unagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama sufuria. Kwa hiyo mnivumilie, mimi siamini kitu mpaka nimekipima au nimekigonga.

Nina uwanja mbele ya nyumba. Kutoka baraza hadi ukuta wa barabarani ni mita 7, na kutoka ukuta wa jirani huyu hadi wa jirani yule ni mita 9. Baraza linatazama kaskazini. Upande wa mashariki ndiko kuna geti, mita ya maji, karo la maji machafu, na waya wa umeme unaokatiza kutoka nguzoni kuja kwenye paa. Upande wa magharibi hakuna kitu, ni ndoo mbovu tatu tu zenye vitunguu vya majani.

Shida yenyewe ni kiti cha Mama Neema. Kuanzia saa 9 alasiri anakaa barazani anachagua maharage au anashona. Mwezi huu jua linakuja moja kwa moja kutoka magharibi linampiga usoni. Anasogeza kiti kidogo. Jua nalo linasogea. Saa 11 unamkuta amefika mlango wa jiko, na kikapu kimebaki nyuma kule alikoanzia. Anataka mti. Na si mti wowote, anataka jakaranda.

Namwelewa. Mnaoishi Mbeya mnajua mji ulivyo Oktoba hii, ukiangalia kutoka juu ni zambarau tupu. Picha yetu ya kwanza ya pamoja, ya mwaka 1981, tulipigwa chini ya jakaranda, mimi nimevaa suruali ya bugaluu, yeye kashika pochi ya kuazima.

Ila mimi na miti tuna historia. Mwaka 1998 nilipanda milingoti miwili nyuma ya nyumba kwa kuwa niliambiwa inakua haraka. Ni kweli ilikua haraka. Ilipofika juu ya bati mara tatu, kila upepo wa Agosti nikawa silali, nasikiliza ipi itaanguka kwa jirani. Kisha maji ya chooni yakaanza kurudi. Fundi akafungua mfuniko wa chemba, akaingiza mkono, akashika kitu kama wigi lililolowa. Akavuta. Likaendelea kuja. Lilipotoka lote akalilaza chini, nikalipima kwa futi kamba, mita moja na nusu, limejaa umbo la bomba kabisa kama mkate ulivyojaa kwenye chombo chake. Mizizi. Mwaka 2016 nikaikata yote miwili, na sehemu ya kiinua mgongo changu ikaenda kwenye bomba jipya.

Jirani mmoja ananishauri nipande ashoki. Mimi ashoki naiona kama nguzo iliyovaa majani, sijui utakaa wapi chini yake.

Nataka mti wenye maua, usiozidi mita 5, unaovumilia baridi ya Juni na Julai na upepo wa Agosti, usiofuata karo, na usiojaza gata maana tunavuna maji ya mvua kwenye tangi la lita 2,000. Nimefikiria kuupanda katikati kabisa ya uwanja, mbele ya baraza. Mnasemaje?


Kijana wa Gangilonga
4 Oktoba

Kamwene mzee, shikamoo. Mimi nipo Iringa.

Mpandie mama jakaranda yake. Mtu ana picha ya 1981 halafu wewe unamletea habari za gata? Mimi nimezaliwa chini ya jakaranda hapa Gangilonga, nyumba ya babu inayo moja na haijaua mtu.

Sawa, pevingi imeinuka kidogo kwenye maegesho. Na gari ukiliacha usiku asubuhi limebandikwa maua, ukikanyaga yakiwa yamelowa unateleza. Lakini mti mzuri mzee.

Kama hutaki jakaranda basi kibobakasi, yale maua mekundu makubwa. Tulipokuwa shule ya msingi tulikuwa tunachuma vichipukizi vya maua yake kabla havijafunguka, vimejaa maji ndani, unatoboa ncha unabinya, maji yanaruka hadi dawati la mbele. Nilichapwa sana kwa ajili ya mti ule.


Mama Pacha
4 Oktoba

Kijana hapo juu, nyumba ya babu ina uwanja ukubwa gani? Maana mzee kasema mita 9 kwa 7, na jakaranda ikistawi inafika mita 15 na kuzidi, na matawi yake yanatanuka karibu sawa na urefu. Hiyo itamfunika yeye na majirani wote wawili.

Mzee shikamoo. Mimi nipo Forest hapahapa Mbeya, nimepanga nyumba yenye jakaranda iliyoinamia paa. Watu wanaogopa maua, lakini maua ni ya wiki chache, unafagia yanaisha. Kinachonitesha ni majani. Jani la jakaranda si jani moja, ni mamia ya vijani vidogo kama punje za mchele, na kuanzia Julai hivi hadi Septemba vyote vinashuka. Vinapita kwenye wavu wa gata. Vinajipanga kwenye mdomo wa bomba la kushushia maji mpaka panakuwa kama pamezibwa na uji. Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga, maji yanamwagika ukutani, na yale machache yanayoingia tangini yana rangi ya chai ya rangi. Mwaka jana nilipanda ngazi mara nne, mjamzito wa miezi sita, mume yuko safarini.

Kibobakasi usithubutu. Mti wenyewe laini, matawi yanakatika kwa upepo, na mbegu zake zinaruka kama vikaratasi, ukija kushtuka zimeota hadi kwenye ufa wa ngazi.


Dada wa Makambako
5 Oktoba

Mnaongelea upepo wa Mbeya? Njooni Makambako.

Hapa kwetu mti wowote wa maua tunaupanda nyuma ya ukuta au tunaufunga kwenye mambo mbili, yaani vigingi viwili, tena kwa kipande cha mpira wa baiskeli, si kamba ya manila, maana manila inakata gome. Mwache mti ucheze kidogo, ukiubana sana hauoti mizizi ya kujishikia. Baada ya mwaka unafungua.

Mti gani sijui. Mimi nina mawaridi tu.


Mstaafu wa Iyunga
5 Oktoba

Marahaba wanangu. Mama Pacha, pole kwa ngazi. Nimemsomea Mama Neema ulichoandika, hasa hapo kwenye miezi sita. Amenyamaza, halafu akasema “basi tuone huo mwingine.” Kwa anayemjua, hiyo ni hatua kubwa.

Dada wa Makambako, stesheni yenu naijua vizuri. Nimegonga magurudumu pale usiku, kofia ikaenda, sikuifuata.


Muuza Viriba, Uyole
5 Oktoba

Mzee shikamoo. Mimi nina kitalu kidogo Uyole, sio kikubwa, miche kama elfu mbili hivi, kwa hiyo nisikudanganye, nafanya biashara. Lakini nitasema ukweli.

Kwa vipimo vyako mimi ningekupa mmoja kati ya hii mitatu.

Wa kwanza botobrashi. Ni ule wenye maua mekundu yaliyosimama nyuzi nyuzi kama brashi ya kusafishia chupa ya mtoto. Upo wa kusimama na upo wa kuinamisha matawi. Unavumilia baridi yetu, unavumilia kiangazi ukishashika, unafika mita 4 au 5, na unakubali mkasi. Siri yake kata mara tu maua yanapokauka. Ukichelewa ukakata wakati umeshatengeneza vichwa vya maua mapya, utakaa msimu mzima unaangalia majani. Uchafu wake ni zile nyuzi nyekundu, zinadondoka kama uzi wa sweta, unafagia kwa dakika mbili. Na ndege chozi hawatoki hapo, wanakuja kunyonya asubuhi na jioni.

Wa pili tibuchina, maua ya zambarau iliyokolea, ndio utakaomkaribia jakaranda kwa rangi. Mzuri mno, ila tawi lake linavunjika kirahisi kwa upepo, na hautaki udongo wenye chokaa. Kama mafundi walimwaga masalia ya saruji hapo uwanjani wakati wa ujenzi, majani yatakuwa ya njano.

Wa tatu franjipani. Huu unapanda kipande cha tawi tu. Unakikata, unakiacha kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo unakiweka ardhini. Ukipanda kibichi kinaoza. Maua yananukia vizuri sana jioni. Wakati wa baridi unapukutisha majani yote. Kwa Mbeya unakua polepole, usitegemee kivuli leo wala kesho. Na utomvu wake mweupe usiguse macho.

Sasa la mche, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Mteja akija kitaluni anataka mche mrefu. Anaona ule uliofika kifuani, anafurahi, analipa. Ule mche mara nyingi umekaa kwenye kiriba, kile kimfuko cha nailoni cha miche, miaka miwili. Ukichana kiriba utaona mzizi mkuu umefika chini, umekosa pa kwenda, umeanza kuzunguka kama springi. Ukiupanda hivyo utaendelea kuzunguka hivyohivyo ardhini, na mwaka wa tano au wa sita upepo unakuja unaung'oa mzima mzima, unakuta chini una kitu kama kiota. Chukua mche mfupi, shina limenenepa kama kidole, majani yana rangi. Inua kiriba utazame chini. Ukiona mizizi minene imetoboa imejishikilia kwenye udongo wa kitalu, acha. Hata kama ni kwangu, acha.


Kijana wa Gangilonga
5 Oktoba

Muuzaji anamwambia mteja asinunue. Hii ni Mbeya gani?


Mwalimu wa Tukuyu
6 Oktoba

Mzee mwenzangu, ugonile. Nami ni mstaafu, nilifundisha jiografia.

Nina mambo mawili. La kwanza ni pale ulipotaka kuupanda. Umesema katikati, mbele ya baraza, na baraza linatazama kaskazini. Usifanye hivyo. Sisi Mbeya tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua linakuwa limehamia kaskazini, kwa hiyo mchana wa Juni kila kitu kinatupa kivuli kuelekea kusini. Mti wa mita 5 unaobaki na majani mwaka mzima utatupa kivuli cha mita 3 hivi saa za mchana, moja kwa moja kwenye baraza lako, na asubuhi na jioni kirefu zaidi. Yaani Juni, wakati Mbeya watu wanatafuta jua kama kuku, wewe umemwekea mama friji mbele ya nyumba.

Mwezi Oktoba mambo ni tofauti. Jua linakuwa juu yetu kabisa na linazama karibu magharibi halisi, ndiyo maana linamfuata mama na kiti chake. Kwa hiyo mti uende magharibi ya baraza, kwenye mstari wa kiti. Oktoba alasiri utamkinga. Juni jua litazamia kaskazini-magharibi, litapita pembeni ya mti na kuingia barazani. Usichukue neno langu. Katikati ya mwezi huu simika fimbo iliyonyooka uwanjani, uangalie kivuli chake mchana.

La pili. Naona miti mingi mnayoitaja ni ya wageni. Jakaranda kwao ni Amerika Kusini, tibuchina Brazili, botobrashi Australia. Mlingoti nao ni wa Australia, tena ukoo mmoja na botobrashi. Mzee umetoka Australia unarudi Australia. Mwamba ngoma umewakosea nini? Ni mti wetu wa asili, gome lake nene kama kizibo, unapukutisha majani kiangazi halafu unatoa maua mekundu kwenye matawi matupu, na unarutubisha udongo kwa mizizi yake. Hata huo unaota kwa kipande cha tawi.


Mstaafu wa Iyunga
6 Oktoba

Ugonile mwalimu. Subiri kwanza. Ukoo mmoja na mlingoti?

Muuza Viriba njoo hapa.


Muuza Viriba, Uyole
6 Oktoba

Hahaha. Mzee, mwalimu hajasema uongo. Lakini mpera nao ni ukoo huohuo, na mkarafuu wa Zanzibar ni ukoo huohuo. Paka na simba ni ukoo mmoja, ila paka unamlaza jikoni.

Mlingoti ulikushinda kwa ukubwa, sio kwa ukoo. Mti wa mita 20 unahitaji maji mengi na mizizi yake inayatafuta mbali. Na ukweli mwingine, mzizi hautoboi bomba zima. Unaingia panapovuja, kwenye maungio yaliyolegea au bomba la zamani lenye ufa, pale unapokuta unyevu. Ukishaingia ndio unanenepa. Kama bomba lako jipya limeungwa vizuri na mti uko upande wa pili wa uwanja, lala usingizi.

Njoo kitaluni, nitakupa jani uliponde mkononi, unuse mwenyewe.


Mama Pacha
6 Oktoba

Mwamba ngoma una miiba jamani, shina na matawi. Na mbegu zake zile nzuri nyekundu zenye doa jeusi zina sumu. Watoto ndio wanazipenda hizo kuliko pipi, wanatunga shanga. Mzee ana wajukuu?

Ukiwa na watoto, na huo mwingine wenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta usiulete ndani, kila kitu chake ni sumu. Kuna nyumba mtaani kwetu wameupanda mlangoni kabisa kwa sababu unapendeza jioni.


Mwalimu wa Tukuyu
6 Oktoba

Mama Pacha yuko sahihi, mbegu hazitafunwi. Mimi wangu uko shambani, si mlangoni, na wanangu wamekua wote. Naondoa hoja kwa uwanja wa mita 9, siiondoi kwa jambo la asili.


Mstaafu wa Iyunga
17 Oktoba

Wakuu nimerudi na ripoti.

Jana tarehe 16 nilisimika mpini wa nyundo yangu ya zamani uwanjani, nikaunyoosha kwa timazi. Mjukuu wangu wa darasa la tatu akawa anaweka kokoto mahali ncha ya kivuli inapofika, kila nusu saa. Kivuli kikafupika, kikafupika. Ilipofika saa 6 mchana nikadhani ndiyo basi, lakini kumbe bado kipo, kidogo. Saa 6 na nusu hivi kikafa. Mpini umesimama, chini hakuna kitu, kama nguzo ya mchawi. Mjukuu akauzunguka mara mbili anakitafuta. Miaka yote hii nimeishi hapa na sikuwahi kuona hilo.

Kuanzia saa 9 kokoto zote zikaenda mashariki, mstari mmoja. Nikavuta kamba kutoka kwenye kiti cha Mama Neema kurudi nyuma kuelekea jua. Ikaangukia mita 2 kutoka ukuta wa jirani wa magharibi, pale penye ndoo za vitunguu. Mwalimu, nakupa alama zote.

Kutoka hapo hadi kwenye karo ni mita 6 na sentimita 40. Waya wa umeme uko mbali zaidi.

Uyole nimekwenda. Huyu kijana wa viriba ni mkweli, nataka niseme hapa. Nimeinua viriba kumi na mbili nikichungulia chini, akanitazama tu bila kuchoka. Vitano vilikuwa vimetoboa. Nikaponda jani la botobrashi. Mlingoti nyumbani kwangu ulikuwa unanuka dawa ya mafua. Hili linanukia kama limau lililokatwa mbali kidogo. Nikampelekea Mama Neema mkononi, akanusa, akaniuliza kama linawekwa kwenye chai. Haliwekwi.

Tibuchina aliipenda kwa rangi, nikaona ni bora niseme ukweli kwamba pale mafundi walikorogea zege mwaka 1996. Franjipani hakuitaka kabisa. Aliona picha yake ya kiangazi bila majani, akasema ni vidole vya mtu vimetoka ardhini, na kwamba kule Tanga alikokuwa zamani aliiona makaburini. Hapo sikubishana.

Mche nimenunua, shilingi 3,000. Unanifika magotini. Jirani wa ashoki amecheka.


Muuza Viriba, Uyole
17 Oktoba

Usipande bado mzee. Uweke kivulini, umwagilie siku moja ndiyo siku moja hapana, usubiri mvua ishike kweli, sio ile ya kudanganya ya mwanzo. Mwishoni mwa Novemba hadi Desemba.

Ila shimo chimba sasa. Sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Udongo wa juu, ule mweusi, weka kushoto. Wa chini weka kulia. Pale ulipopita zege ukikuta vipande vya saruji toa vyote. Siku ya kupanda unachanganya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza, narudia, iliyooza, ukishika isiwe na moto. Huo ndio unaanza nao. Kiriba chana chote uondoe. Kuna watu wanatoboa tu chini wanafukia na nailoni yake.


Dada wa Makambako
18 Oktoba

Na angalieni fuko, wale panya wa chini ya ardhi. Mimi walinilia mzizi wa waridi, nikawa nalimwagilia wiki nzima kumbe ni kijiti tu kimesimama. Nilikuja kujua nilipolivuta likaja lote mkononi.


Kijana wa Gangilonga
18 Oktoba

Kwa hiyo jakaranda imeshindwa? Mama kakubali kweli au umeandika wewe?


Mstaafu wa Iyunga
7 Desemba

Salaam wakuu, samahani kwa ukimya, simu ililowa.

Nimepanda jana asubuhi, baada ya mvua ya siku tatu. Kwenye shimo nilitoa vipande vya zege vya kujaza ndoo nne na kijiko cha bati ambacho Mama Neema amekitambua, anasema kilipotea wakati wa ujenzi na alimshuku shemeji yangu. Tumempigia simu shemeji.

Mzizi ulikuwa umenyooka. Nilichana kiriba polepole kwa wembe, mjukuu ameshika udongo usibomoke. Chini kabisa kulikuwa na kamzizi kamoja kamepinda kidogo, nikakanyoosha kwa kidole. Mambo mbili, mpira wa baiskeli, kama alivyosema dada wa Makambako, na nyasi kavu kuzunguka ila hazigusi shina. Mjukuu amepima, sentimita 64 kutoka ardhini, ameandika ukutani kwa mkaa.

Kijana wa Gangilonga, umeuliza swali la maana. Jakaranda haijashindwa. Mama Neema alinunua mche wake mwenyewe bila kuniambia, akaupeleka kanisani kwetu ambako kuna kiwanja kikubwa na hakuna gata. Ameupanda nyuma, mbali na jengo. Jumapili baada ya ibada anakwenda kuumwagilia kwa chupa ya maji aliyoibeba kwenye pochi, mimi nasubiri getini nimeshika Biblia mbili.

Kuhusu kiti, kwa mwaka huu na mwakani nimemfungia turubai upande wa magharibi.

Sasa nina lingine. Kile kisiki cha mlingoti kule nyuma, niliukata 2016, kila mwaka nakata machipukizi, na wiki hii baada ya mvua kimetoa tena kumi na saba. Nimekigonga kwa nyundo. Kinalia kama kengele. Nani ana dawa?


Muuza Viriba, Uyole
7 Desemba

Mzee, hiyo anzisha uzi mwingine.